Pikipiki Kuukuu ya Mlimani



Juma hili tuzungumze habari ya pikipiki. Msiseme ya kuwa hiyo ni habari ya vijana peke yao. Katika vilima vyetu vya Mushaki pikipiki ni mali ya nyumba nzima. Hununuliwa kwa bei ya mtamba aliyeuzwa, au ya viazi vya misimu miwili, au kwa fedha alizoziweka mama kidogo kidogo kwa ajili ya karo ya shule. Ikichaguliwa vema, itailisha nyumba. Ikichaguliwa vibaya, nyumba ndiyo itakayoilisha pikipiki; tena yaweza siku moja kumrudisha kijana kwao akibebwa na watu wanne. Kwa hiyo yafaa baba, mama na mwana waisome habari hii pamoja.

Tangu zamani mizigo mingi ya kwetu hushuka kwa chukudu. Chombo hiki cha mti, chenye magurudumu mawili, kimepata sifa hata mjini Goma kimesimamishiwa sanamu. Lakini chukudu hupenda mteremko. Penye mwinuko mwenyewe ndiye punda wake. Pikipiki hupanda na kushuka. Hupita mahali ambapo lori limekwama, na usiku humfikisha mgonjwa kwenye zahanati. Basi si ajabu kila kijana aitamani. Walakini wenye fedha za kununua mpya ni wachache. Wengi hununua iliyokwisha tumika. Hiyo si aibu. Aibu ni kununua bila kufikiri.

Pikipiki ya namna gani?

Kwanza tuitazame njia, kisha tutakijua chombo. Toka Goma hadi Sake ni mwendo wa kilomita 27 hivi, katika nchi ya mawe ya volkeno. Karibu na Sake, moto wa mlima Nyamulagira wa miaka 1938 hadi 1940 ulishuka mpaka ziwani, na mawe yake yangali makali kama vipande vya chupa. Toka Sake barabara yapanda Mushaki, kona baada ya kona. Ziwa Kivu lina kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilima vya Masisi hupita mita 2,000. Mvua ikinyesha, udongo huteleza kama sabuni. Naye aendeleaye mbele, kwa njia ya Nyabiondo kuelekea Walikale, hukutana na matope ya msitu.

Kwa njia za namna hiyo mafundi wa viwandani walibuni pikipiki ya matumizi mawili: yaruhusiwa barabarani, tena yaweza kuiacha barabara na kushika kijia. Alama zake ni hizi. Tumbo lake liko juu, mbali na mawe. Foku za mbele na shokomzoba za nyuma ni ndefu, ili zipokee mapigo ya njia. Gurudumu la mbele ni kubwa, mara nyingi la inchi 21, na la nyuma inchi 18, ili livuke shimo badala ya kutumbukia ndani yake. Matairi yake yana meno.

Mwaka 1968 kiwanda cha Yamaha kilitoa pikipiki iliyoitwa DT-1, nayo ikawafungulia wengine njia. Tangu hapo Afrika imezijua DT 125 na AG 100 za Yamaha, XL 125 ya Honda, na TF 125 ya Suzuki. Hizo AG zilibuniwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand: mnyororo wake umefunikwa wote usiingiwe na matope, tena ina vyuma vya kubebea mzigo. Wamisionari, wauguzi, mabwana shamba na watumishi wa mashirika ya misaada wamezitumia miaka mingi. Ndiyo maana leo twaziona zikiuzwa toka mkono hata mkono.

Zote hizo zina silinda moja tu. Kijana mwenye majivuno hutamani mbili au nne. Sisi twamwambia: moja yatosha. Silinda moja ni pistoni moja, kabureta moja, na plagi moja, ile tuiitayo buji. Pikipiki ikizimika katikati ya mlima, pa kutafuta si pengi. Spana tano na akili tulivu zaweza kukufikisha nyumbani.

Lakini shikeni neno hili. Pikipiki bora kwako si ile inayosifiwa ulimwenguni. Ni ile ambayo vipuri vyake vinapatikana Goma, na ambayo fundi wa Sake amekwisha kuifungua mara nyingi. Wenye teksi za pikipiki wengi huendesha TVS na Bajaj za Uhindi. Hizo hazikuumbwa kwa matope mengi, matumbo yake yako chini, wala magurudumu yake si makubwa. Hata hivyo vipuri vyake vimejaa madukani. Basi kabla ya kuuliza bei ya pikipiki ndefu ya mlimani, uliza kwanza bei ya sahani za klachi yake, ya pistoni yake na ya mnyororo wake. Usipozipata, acha. Farasi asiye na nyasi hafiki mbali.

Jicho ni shahidi mwongo

Tufanye mfano. Baba mmoja wa Mushaki ameuza mtamba wake, akashuka Sake pamoja na mwanawe. Wakuta pikipiki mbili zauzwa. Ya kwanza imepakwa rangi nyekundu mpya. Ya pili ina tangi lililobonyea, na kiti chake kimeshonwa kwa uzi.

"Baba, tuitwae ile nyekundu," asema kijana. "Tazama inavyong'aa!"

"Mwanangu," ajibu baba, "hata jiwe la mtoni hung'aa lingali na maji. Ngoja likauke."

Baba aweka kiganja karibu na injini ya ile nyekundu. Ina joto.

"Mzee, nimeiwasha kidogo ili msichelewe," asema mwenye kuuza.

"Ahsante, bwana. Lakini sisi hatuna haraka. Tutakunywa chai mpaka ipoe."

Mzee huyu ana hekima. Injini yenye ugonjwa hukataa kuwaka asubuhi ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huiwasha kabla mnunuzi hajafika. Ukikuta injini ya moto, subiri.

Ikiisha kupoa, kanyaga kiki polepole kwa mkono wa mguu, yaani kwa unyayo usio na haraka. Yapasa uone ukinzani, kama mtu anayekusukuma toka ndani. Kiki ikishuka bure bila kukinzana, pistoni au vali zimechoka. Kisha iwashe, utazame moshi. Moshi mweusi wasema petroli ni nyingi mno. Moshi wa buluu katika injini ya mapigo manne wasema oili inaungua pamoja na petroli, na matengenezo makubwa yako karibu. Katika injini ya mapigo mawili moshi kidogo wa buluu ni desturi, kwa sababu oili yake huungua siku zote. Sikiliza pia: mlio wa chuma kugonga chuma usikubali kuambiwa ya kuwa ni kawaida yake.

Sasa itumie mikono. Shika gurudumu la mbele juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Fanya vivyo hivyo kwa la nyuma. Gonga njiti za rimu kwa spana, moja moja. Njiti nzima hulia kama kengele ndogo, iliyolegea hunyamaza. Bonyeza foku kwa nguvu: zikitoa oili juu ya vyuma vyake, mipira ya ndani imekufa. Vuta mnyororo kwa nyuma, pale ulipozunguka gurudumu la meno. Ukiinuka hata waona nusu ya jino, mnyororo umechakaa. Na meno yakiwa yamepinda kama makucha ya tai, nayo pia yatakuomba fedha. Chungulia oili ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

Mwisho pitisha vidole vyako chini ya shingo ya fremu, pale chuma kinapopokea uzito wote wa mlima. Hapo ndipo baba yetu alipovuta pumzi. Chini ya ile rangi nyekundu palikuwa na kovu la kuchomelea. Fremu ilikwisha kuvunjika mara moja. Rangi haikuwekwa kwa urembo, bali kwa kuficha.

Swali la dhamiri

Lakini hata kama fremu ingalikuwa nzima, lilibaki neno jingine kubwa kuliko yote. Katika shingo ya fremu kiwanda huchonga namba. Namba hiyo yapasa ilingane na ile iliyoandikwa katika karte roze, na namba ya injini vilevile. Katika pikipiki ile nyekundu namba ilikuwa imesuguliwa kwa tupa. Karatasi hazikuwapo.

"Zilipotea wakati wa vita," asema muuzaji. "Ndiyo maana nawapunguzia bei."

Wapenzi, twajua sote ya kuwa maneno hayo yaweza kuwa kweli. Mwaka 2023 vita vilifika Mushaki, na mwanzoni mwa mwaka 2025 vikafika Sake na Goma. Watu walikimbia na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Karatasi nyingi zilipotea. Lakini pikipiki nyingi pia zilitwaliwa. Tena mtu aliyepoteza karatasi hana sababu ya kuisugua namba. Tupa haishikwi na mkimbizi. Hushikwa na mwenye kuficha.

Basi ile bei nafuu ni ya nani? Labda ni ya baba mwingine, wa kijiji kingine, ambaye naye aliuza mtamba wake, na leo aenda kwa miguu. Anunuaye mali ya wizi huku akishuku moyoni humlipa mwizi ujira wake, na kumwalika aibe tena. Amri ya saba haisemi tu "usivunje mlango". Tena tufikiri kwa akili ya kawaida: siku mwenye mali akiitambua pikipiki yake sokoni, utapoteza pikipiki, fedha na jina lako kwa siku moja.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: hakuna namba, hakuna ununuzi. Ikiwa namba iko safi lakini karatasi zimepotea kweli, muuzaji na aende nawe kwa wakuu wanaohusika, na watu wanaomjua washuhudie tangu lini ni yake. Mwenye haki hataona taabu. Mwenye kukataa amekwisha kujibu. Na hata karatasi zikiwapo, andikeni mkataba wenye majina, tarehe, bei na namba zote mbili, mtie sahihi mbele ya mashahidi.

Baba wa mfano wetu aliigeukia ile yenye tangi lililobonyea. Injini ilikuwa baridi, ikawaka kwa kiki ya tatu. Namba zililingana. Mnyororo ulikuwa umechakaa, na breki ya nyuma ilihitaji viatu vipya. Hayo yaonekanayo yana bei, nayo yaweza kupunguzwa katika mapatano. Tena baba alikuwa amegawa fedha zake mafungu manne kabla ya kutoka nyumbani: matatu ya kununulia, na moja la matengenezo ya mwezi wa kwanza. Asiyeweka fungu la nne hununua nusu ya pikipiki.

Kupanda ni nguvu, kushuka ni akili

Sasa kijana ana pikipiki, na mlima uko mbele yake. Asishangae ikiwa yavuta kidogo. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kimo injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Na kabureta iliyopimwa kwa nchi ya pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa hii, hata buji ikawa nyeusi kama masizi. Fundi ajuaye kazi atairekebisha. Petroli yenyewe ukiinunua kwa kadhafi kando ya barabara, iache itulie kwanza katika chupa nyeupe uitazame kwa mwanga. Maji hukaa chini, petroli juu.

Kupanda hakuui wengi. Kushuka ndiko kunakoua. Wako vijana ambao wakifika kileleni huzima injini, ili waokoe petroli, wakaachilia chombo kiteremke kwa uzito wake mpaka Sake. Hao wameigeuza pikipiki kuwa chukudu, lakini chukudu yenye mwendo mkali kupita breki zake. Breki ikishikwa muda mrefu hupata joto, na ikipata joto hupoteza nguvu, kidogo kidogo, bila kutoa habari. Katika kona ya mwisho kijana abana, wala hapana kitu. Petroli aliyoiokoa ni ya kikombe kimoja. Je, mguu wake wauzwa vikombe vingapi?

Kanuni ya wazee wa barabara ni hii: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Acha injini ikushike, na breki ikusaidie kwa vipindi: bana, achia, bana, achia.

Hapa wenye injini ya mapigo mawili, kama AG 100 na DT 125, wasikilize vema zaidi. Kwao oili huifikia pistoni pamoja na petroli. Ukishuka mlima mrefu huku umefunga mkono wa mafuta kabisa, pistoni yazunguka upesi na oili yaja chache. Yaweza kukauka na kung'ang'ania ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma likafungwa ghafula. Kwa hiyo katika mteremko fungua mafuta kidogo mara kwa mara, injini ipate kunywa. Vidole viwili viwe tayari juu ya klachi. Gurudumu likifungwa, ivute mara moja. Injini ya mapigo manne haina hatari hiyo, kwa maana oili yake i ndani siku zote. Tena hushika vizuri zaidi katika mteremko. Kwa kijana anayejifunza, hiyo ndiyo iliyo nyepesi.

Penye matope simama juu ya vikanyagio, magoti yakishika tangi, mikono ikiwa myepesi. Tazama mbali, mahali unapotaka kwenda. Atazamaye shimo huingia shimoni. Usibane breki ya mbele kwa ghafula mahali panapoteleza. Peleka mafuta sawasawa, usiongeze kwa hasira. Ukiingia katika mfuo wa magurudumu ya lori, ufuate mpaka mwisho, usijaribu kuruka nje. Daraja la mbao lililolowa, shuka uisukume. Hakuna atakayekucheka ila mjinga.

Ukungu ukishuka, washa taa na upige honi kabla ya kona. Kumbuka ya kuwa lori lililojaa magunia haliwezi kusimama kwa ajili yako. Wewe ndiwe mwepesi, wewe ndiwe upishe. Vaa kofia ngumu, na ukanda wake ufungwe kidevuni, kwa maana kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa usukani hukinga usukani tu. Abiria ni mmoja, wala si mama na watoto wawili na gunia la makaa juu yao. Najua fedha ya abiria wa pili ni tamu. Lakini shoka likizidi uzito humshinda mwenye kulishika, na pikipiki iliyozidishwa mzigo haimsikii mwenyewe.

Neno la mwisho

Tulianza na mtamba aliyeuzwa, na tumalize naye. Mtamba huyo aliamka kila siku machoni pa baba miaka miwili au mitatu kabla ya kuuzwa. Alipomnunua, hakumtazama rangi tu. Alimshika mgongo, akamfungua kinywa, akauliza ni wa zizi la nani. Basi kwa nini ng'ombe apimwe hivyo, na pikipiki inunuliwe kwa sababu yang'aa?

Enyi vijana, msione haya kwenda na baba zenu sokoni, hata kama hawajui gia. Wao wajua uongo unavyosikika. Na ninyi wazazi, msimkabidhi mwana funguo kabla hamjamwona akishuka mlima mbele yenu, injini ikinguruma, polepole, kona kwa kona, mpaka chini.